Maandishi Meupe ya Mama Esperance

Habari za kifo cha Mama Esperance zilinikuta nimesimama kwenye robot, ndivyo wanavyoziita huku taa za barabarani, nyekundu imewaka, simu imelala kwenye kiti cha abiria. Ililia mara moja nikatupa jicho. Ulikuwa ujumbe wa kundi: picha ya mshumaa, jina lake kamili, na chini yake watu kumi na tatu walikwisha kuandika pole. Taa ikawa kijani, gari la nyuma likanipigia honi, na mimi bado nimekodolea macho ule mshumaa. Nikasogea pembeni mbele ya duka la matairi nikalia. Nililia kwa uchungu, lakini nisidanganye, nililia kwa hasira pia. Huyu ndiye mwanamke aliyenifundisha, mwaka ule mmoja, kwamba mtu hapewi kifo mkononi kama risiti ya dukani. Na sasa cha kwake mwenyewe kimegawiwa hivyo hivyo, kwa wote mara moja, na mshumaa wa kuchora juu yake.

Nataka kuuandika mwaka huo. Habari za kwetu Tanga, za wazazi wangu na jinsi nilivyopata nafasi ya kusoma Durban, naziacha, hazina kazi hapa. Inatosha kusema nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwanafunzi wa kompyuta mwaka wa mwisho, na nilijiona sana. Wenzangu waliniita Injinia kwa kunitania na mimi niliitika. Nilikuwa nimepanga chumba Sydenham katika nyumba ya Mama Esperance, Mkongomani wa Uvira, mjane wa kama miaka hamsini aliyeshona nguo kwa watu. Nyumba yenyewe ilikuwa kwenye mteremko, ukuta wake wa waridi umepauka, na ukifungua mlango wa mbele unaingia jikoni moja kwa moja. Huko jikoni ndiko tulikoishi. Kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki kilichochorwa malimau, na mwisho wa meza ile ilikaa kompyuta ya zamani, imefunikwa kitenge ili isirukiwe na mafuta. Mama alipika sombe ya majani ya muhogo na ugali na samaki wadogo, na kwa sababu mimi ni Mwislamu alininunulia kuku wangu kwa mchinjaji wa Kihindi kule Overport, akampika katika sufuria ya peke yangu. Mfuniko wa sufuria hiyo aliufunga uzi mwekundu ili pasiwe na mtu wa kuichanganya. Hakuniambia kwamba amefanya hivyo. Niligundua mwenyewe baada ya mwezi mzima.

Mpangaji mwingine alikuwa Deo, Mrundi wa Bujumbura, kijana wa miaka ishirini na sita, aliyelala chumba cha uani ambacho zamani kilikuwa cha gari. Alifanya kazi Jacobs katika kiwanda cha rangi, kufunga makopo kwenye maboksi, na hata akioga mara mbili alinukia thina ya kuyeyushia rangi. Alikuwa mpole, mchekeshaji kwa sauti ya chini, wa aina ile ambayo unacheka ukishafika chumbani. Kila jioni alinawa mikono, akakaa kwenye kiti chake karibu na friji, na kabla hajamega tonge aliuliza neno moja tu: "Iko habari?"

Aliuliza habari za mdogo wake. Thierry alikuwa ametoka Bujumbura kumfuata kaka yake Durban, akasafiri nchi kavu akipandia hili na kushukia lile, na mahali fulani njiani simu yake ikanyamaza. Deo alimwandikisha kwa Mama Esperance, kwa maana Mama, pamoja na cherehani yake, alikuwa na kazi nyingine isiyo na mshahara. Aliendesha ukurasa wa mtandao wa watu wanaotafutwa. Kila aliyempoteza ndugu njiani kati ya Kongo au Burundi na huku kusini alileta jina, umri, mahali alipoonekana mara ya mwisho, na Mama akaandika. Majina yalipangwa kwa herufi, ukurasa mmoja kwa kila herufi. Aliyepatikana aliandikiwa chini yake: yuko Lilongwe, yuko Maputo, yuko mzima. Watu waliingia katika vibanda vya intaneti mjini kote, wakafungua herufi yao, wakashuka polepole na kidole kwenye kioo. Deo naye alikuwa na kibanda chake huko Jacobs, alikwenda karibu kila siku wakati wa chakula cha mchana. Thierry alikuwa kwenye herufi T, jina la kumi na moja. Katika wiki zile za kwanza Deo alipata kitanda cha chuma kwa jirani, akakipaka rangi ya buluu iliyobaki kiwandani, akakiweka sambamba na chake. Alinionyesha kwa fahari, akaniambia mdogo wake anakoroma na mimi nitamsikia mpaka kwangu.

Sasa nieleze upande wangu. Ukurasa wa mtandao, kwa asiyejua, umeandikwa mara mbili katika faili moja. Yapo maneno anayosoma mtu, na zipo tagi, alama zilizofungwa kwa mabano yenye ncha, ambazo mtu hazioni ila kompyuta inazisoma ili ijue hili likolee, lile liwe jekundu, hapa aya iishe. Tagi ikifunguliwa inapaswa kufungwa. Mama hakuwa amesomea mambo hayo. Aliandika kwa programu ya kuchapia barua, kisha akaiamuru ihifadhi kama ukurasa wa mtandao, na programu za namna hiyo hutapika takataka: kwa jina moja la mtu, mistari arobaini ya tagi. Zilikuwapo zilizofunguliwa na kusahauliwa, ndiyo maana kuanzia katikati ya herufi M majina yote yaliinama na kukolea mpaka mwisho. Majina ya Kifaransa yenye vialama juu yaligeuka alama za kuuliza. Na Mama akitaka nafasi kati ya majina alibonyeza Enter mpaka roho yake iridhike. Kurasa zilikuwa nzito, kwenye simu ndogo hazikufunguka kabisa, na mtu aliyemhifadhia Mama ukurasa bure kwenye mashine yake alikuwa amemwambia anahamia mashine mpya na faili chafu hatazihamisha. Mwaka huo huo mwalimu wangu alitaka kila mmoja wetu achukue ukurasa wa kweli wa watu wa kweli, ausafishe kwa programu aliyoiandika mwenyewe. Nilimwambia Mama aniachie mimi. Nikatumia Python, lugha ya programu niliyoipenda kuliko kula, nikaandika msaidizi wangu: afungue faili moja moja, afunge tagi zilizoachwa wazi, afute aya tupu, arudishe vialama vya Kifaransa, na aondoe rangi zote. Rangi nilizihesabu uchafu. Tulikuwa tumefundishwa kwamba rangi haikai katikati ya maandishi, ina faili lake pembeni.

Nilimjaribu msaidizi huyo Jumamosi mchana kwenye nakala iliyokuwa katika kompyuta ya Mama. Deo alikuwa kazini, Mama anapiga pasi sare za shule kwenye kona. Programu ilimaliza kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Nikafungua kurasa moja moja kuzikagua, nikijisifu kimoyomoyo, mpaka nikaona kitu. Chini ya baadhi ya majina kulikuwa na maneno ambayo hayakuwapo. Mwanzo nilidhani msaidizi wangu amechanganya faili. Nikaenda kwenye herufi T, kwa kuwa ndiyo niliyoijua kwa moyo, na chini ya jina la kumi na moja nikasoma: "Alikufa ku hôpital ya mpakani. Tunangojea mjomba wa Cape Town. Deo asijue bado."

Sikumbuki nilitoa sauti gani. Nakumbuka pasi ilivyowekwa chini, na Mama akaja akasimama nyuma ya kiti changu, akasoma, akavuta kiti kingine akakaa. Aliziba uso kwa viganja, akavitoa. "Sasa nawe uko na mzigo, ma chérie," akaniambia. "Pole."

Akanieleza. Ukurasa ule ulikuwa na watu watatu: yeye, mzee mmoja wa Johannesburg, na mchungaji mmoja wa Cape Town. Simu zao ziliibwa kila mara, anwani za barua pepe walizisahau nywila zake, lakini ukurasa ulikuwapo daima, na wote watatu waliweza kuuandika. Basi waliandikiana humo humo. Habari ambayo haikuwa ya kusomwa na kila mtu waliipaka rangi nyeupe, maandishi meupe juu ya karatasi nyeupe. Msomaji aliona nafasi tupu. Wao walijua pa kuburuta kipanya, na maneno yakawaka. Msafiri mwenzake Thierry alimpigia simu Mama kutoka njiani, malaria ilimmaliza kijana ndani ya siku nne, akazikwa na watu wa kanisa la pale mpakani. Ndugu pekee wa damu wa Deo katika nchi hii alikuwa mjomba wake, ambaye alianguka kwenye jengo alikokuwa akifanya kazi, mguu umefungwa plasta. Bila mjomba huyo hakuna wa kusema. Nikamwambia Mama, kwa ujuaji wangu, kwamba siri haifichwi kwa rangi, kwamba mtu yeyote anaweza kuiona, kwamba afadhali amwite Deo leo amwambie mambo yaishe. Hakukasirika. Alinitazama tu kwa muda, kama unavyomtazama mtu aliyevaa nguo kinyumenyume.

"Mutu haambiwake kifo na mashini," akasema. "Na haambiwake mbio mbio. Batu wanaendaka, wanaikala naye, anakula kwanza, ndio wanamwambia. Bila vile, atalia na nani?"

Deo alirudi saa kumi na mbili. Akanawa mikono, akakaa karibu na friji, na kwa kuwa kuanzia siku ile kazi ya kurasa ilikuwa yangu, swali akalielekeza kwangu. "Dada Zuhura, iko habari?" Nikasema bado. Lilikuwa neno jepesi, lilitoka lenyewe. Sikujua kwamba nitalitamka kila jioni kwa miezi mitatu na zaidi. Plasta ya mjomba ilifunguliwa, mfupa ukaonekana haujashika, ikafungwa upya. Mama alimwongezea Deo samaki kwenye sahani bila kuulizwa. Mimi nilijifunza kula nikitazama malimau ya kitambaa. Kuna kutokuwa na uwezo kwa kukosa la kufanya, na kuna kule kwa kulijua la kufanya ukazuiwa mkono na mtu unayemheshimu, na sijui hadi leo lipi ni baya zaidi. Nilimchukia Mama jioni nyingine. Jioni nyingine nilimwona anapangusa macho kwa kisingizio cha kitunguu, wakati kitunguu chenyewe kilikwisha kuiva. Jumapili moja, kama mwezi baada ya mimi kujua, nilipita uani kwenda kuanika nguo nikaona Deo amekisimamisha kile kitanda cha buluu ukutani na godoro amelikunja. Nikamuuliza. Akasema anafagia. Kitanda kikabaki hivyo ukutani wiki baada ya wiki, na mimi, Injinia, nikaridhika kwamba anapenda usafi.

Wakati huo wote nilikuwa nikirekebisha programu. Nilikwisha kuelewa kwamba ule niliouita uchafu ndio uliobeba kazi nzima, basi nikamwagiza msaidizi wangu aondoe rangi zote isipokuwa nyeupe. Nyeupe ibaki na maneno yake kama yalivyo. Nikaijaribu mara kumi kwenye nakala ya Mama na mara kumi ikafanya vizuri. Siku ya mwisho ya kuhamisha kurasa ikafika, siku ya kazi, asubuhi. Nikaingia maabara ya chuo, nikavuta kurasa zilizokuwa hewani, nikazipitisha, nikazirudisha safi. Nikaenda darasani na roho nyeupe. Saa sita hivi nilirudi kuzitazama kwa raha zangu, nifurahie majina yalivyojipanga, na neno la kwanza nililoliona katika herufi N lilikuwa "alikufa".

Kosa langu lilikuwa dogo kiasi kwamba naweza kulieleza kwa sentensi moja. Programu ya Mama iliandika nyeupe kwa jina la rangi yenyewe, na ile ya mzee wa Johannesburg iliandika nyeupe kwa namba, alama ya reli na herufi F sita. Ni rangi ile ile, ila mimi nililinda jina nikasahau namba. Na mzee alikuwa ameandika upya kurasa nne wiki iliyopita, pamoja na za N na T. Nilifungua T. Jina la kumi na moja, maneno meusi ti, yanasomeka hata ukiwa umesimama mbali. Nilikuwa na nakala za zamani, nilizitunza, hilo nililijua. Nikaanza kuzirudisha, nikaona mstari wa kupakia unatambaa, na umeme ukakatika. Chumba chote kikanyamaza. Fundi wa maabara akatangaza bila wasiwasi kwamba ni zamu ya mtaa wetu, utarudi saa nane. Nikaiangalia skrini yangu iliyokufa nikijua kwamba kwingine kote skrini zinawaka, kwamba Jacobs umeme upo, na saa saba Deo anatoka kula.

Sikuwa na namba ya kibanda chake na yeye kazini simu waliziacha langoni. Nikapanda taxi, nikaomba Mungu kila robot iwe kijani. Langoni kwa kiwanda mlinzi wa Kizulu aliniangalia jasho lililonitoka, akasema eish, dada yangu, chakula bado dakika tano, kaa hapo. Deo alipotoka na wenzake nilimshika mkono, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikamwambia nina njaa na nataka anipeleke pale wanapouza bani chau, ule mkate uliochimbwa ndani ukajazwa mchuzi. Akasimama. Akatazama upande wa kile kibanda cha intaneti, akanitazama mimi. "Umetoka chuo mpaka huku kula maharage na mimi?" akauliza. Nikasema ndiyo. Tukanunua robo mbili za maharage, tukakaa kwenye ukingo wa barabara, magari makubwa yakipita, na mimi nikaongea. Niliongea juu ya mitihani, juu ya Tanga, juu ya paka wa jirani, sikuacha upenyo hata wa kumeza. Alikula mpaka akafika kwenye mkate wa chini ulioloa mchuzi. Halafu, akiwa ananitazama usoni, akauliza kwa sauti ya jikoni kwetu, "Iko habari, dada?"

"Bado," nikasema.

Alilamba vidole kimoja kimoja. "Sawa," akasema. "Tutangoja." King'ora kikalia akarudi ndani. Mimi nikapanda taxi kurudi, na nilipofika chuoni umeme ulikuwa umerudi, nikarudisha kurasa zote mahali pake. Saa tisa kasoro nafasi zilikuwa tupu tena.

Kwa wengine nilichelewa. Mama Riziki wa Cato Manor, aliyekuwa akimtafuta binti yake Neema, alikuwa ameingia duka la simu la karibu na kwake saa tano asubuhi akafungua herufi N. Alisoma peke yake, kati ya watu waliokuja kuchaji simu. Alikaa chini sakafuni, na pale dukani hapakuwa na hata mmoja wa kumshika anayejua lugha yake. Mama Esperance alinichukua kesho yake twende tukaombe radhi. Mama Riziki alitupa chai. Hakunitukana, na hakuniangalia. Mama Esperance alirudi kwake Alhamisi iliyofuata, na nyingine, akawa anakwenda kila Alhamisi miaka yote wakawa marafiki. Mimi sikwenda tena. Niliona aibu, na aibu ukiiacha inakomaa. Mama hakuwahi kunilaumu. Alinunua daftari lenye jalada gumu, akayahamishia humo maneno yote meupe, akaniambia sasa naweza kufuta rangi ninazotaka. Chuoni nilipata themanini na nane kwa mia, na mwalimu aliandika pembeni: kazi safi.

Jumapili ya wiki ile mjomba alifika kutoka Cape Town, na magongo. Mama alipika tangu alfajiri. Deo alikula, tulihakikisha amekula, kisha meza ikasogezwa na yeye akajikuta amekaa katikati ya mjomba na Mama. Mjomba alianza mbali, tangu wavulana wale wawili walipokuwa wadogo, jinsi mkubwa alivyombeba mdogo kuvuka maji ya mvua. Alisema taratibu, akizunguka, akikaribia. Mimi nilikuwa kwenye mlango wa kwenda vyumbani na sinia la glasi mikononi. Neno lenyewe lilipofika, Deo aliteleza kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni na akalia kilio ambacho sijakisikia tena kwa mtu mzima. Mama alishuka naye chini, akamkumbatia, wakalia pamoja kwenye vigae vya jikoni. Watu walikuja siku tatu. Mjomba alilala kwenye kitanda cha buluu. Na mimi, katikati ya masikitiko yale, nilikuwa na kitu kidogo cha kushika: huyu mmoja nilimwokoa. Mama Riziki nilimharibia, lakini Deo alipata kifo chake kama inavyotakiwa. Nimeishi na mizani hiyo karibu miaka ishirini.

Siku ya mshumaa niliendesha mpaka Sydenham, nikaingia jikoni bila kubisha hodi. Kitambaa cha malimau kilikuwa kimebadilishwa. Deo alikuwapo, mvi zimemjaa, ametoka Pietermaritzburg anakoishi na mkewe, na mara ya mwisho kuonana ilikuwa kabla watoto wangu hawajazaliwa. Tulishikana mikono kwa muda mrefu. Wanawake waliokuwa wanapika wakaulizana nani ameambiwa na nani bado, na mmoja akasema Mama Riziki hajui, hana simu za kisasa, masikio yenyewe mazito, anamsubiri mwenzake Alhamisi. Nilijitahidi nisionekane. Deo akachukua funguo za gari mezani. Akasema tutakwenda yeye na dada Zuhura.

Njiani nikamwambia. Nilidhani namfungulia siri kubwa. Nikamweleza maandishi meupe, namba na jina, umeme, na kwa nini siku ile nilimfuata mpaka Jacobs kula maharage. Aliendesha mpaka tukaanza kupanda kilima cha Cato Manor.

"Nilijua," akasema. "Muda mrefu. Nilikuwa nataka kukopi jina la Thierry nimtumie shangazi Bujumbura. Nikaburuta kipanya, maneno yakatokea. Siku iliyofuata nikakisimamisha kitanda."

Sikuelewa kwanza, ikabidi nirudi nyuma nihesabu. Miezi miwili na nusu. Jioni zote zile kwenye kiti kile karibu na friji. Nikamuuliza kwa nini sasa aliendelea kuuliza kama iko habari.

"Nilikuwa nakupa nafasi," akasema, bila ubaya wowote. "Kama ningesema najua, mngesema basi, amejua, mambo yameisha. Hakuna mtu angekuja. Kulia peke yangu ningeweza, chumba nilikuwa nacho. Sikutaka. Nilitaka mje."

Nikamwambia kwamba nilimwona, Jumapili ile. Nilimwona alivyoanguka. Mtu aliyekwisha kujua hawezi kuanguka vile.

"Nililia kwa sababu mlikuja, Zuhura."

Kwa hiyo sikumwokoa na chochote. Kila "bado" niliyoisema kwa kumhurumia ilikuwa ni mlango nilioufunga, jioni baada ya jioni, mtu amesimama nje kwa adabu akingoja. Na hata leo nikilizungusha vipi silioni nililoweza kufanya, maana mjomba alikuwa kwenye plasta, na Mama alikuwa na haki, na yeye naye alikuwa na haki. Deo aliegesha gari. Tulishuka, akafunga kifungo cha juu cha shati lake.

Mama Riziki alifungua mlango mwenyewe, amejifunga kitenge, mikono ina unga. Ilikuwa Jumanne. Alimtazama Deo, akanitazama mimi, na sura yangu aliikumbuka, nilimwona akiikumbuka. Akatazama nyuma yetu kwenye gari kama kuna mwingine atakayeshuka. Hapakuwa na mwingine. Akajipangusa unga taratibu, kidole kwa kidole, akatupisha mlangoni.

"Mumekuja," akasema.